Boti yangu ilikua haina shida ya tangi: nilivyohangaika kuifanya iende mbali

Hii naandika kwa ajili ya yule ambae sasa hivi anatafuta madumu ya kuongezea mafuta kwenye boti yake ndogo, kama nilivyokua mimi miaka mitatu iliyopita. Subiri kwanza, soma, alafu ukimaliza ukiona bado unayataka hayo madumu basi nunua, mimi ntakua nimeshasema yangu.

Boti yenyewe ni ya faiba, wazi, urefu mita 5 na nusu, mashine ya nje HP 40 stroki nne, na matangi mawili ya kubeba mkononi ya lita 25 kila moja. Kwa mizunguko ya karibu ilikua haina neno. Shida ilianza pale nilipotaka kwenda kisiwani, maili 40 za baharini kwenda na 40 kurudi, jumla 80. Nikauliza huku na kule, kila mtu akaniambia mashine kama hiyo lita moja inakupa maili mbili, wewe nenda tu. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani: lita 50 mara mbili ni maili 100, nikiongeza dumu moja la lita 20 napata maili 140, yaani narudi na chenji. Hesabu tamu kweli.

Tulikua watu wanne, boksi la barafu limejaa mpaka kifuniko hakifungi, nanga mbili (sijui ya pili nilibeba ya nini), boksi la spana zote ninazomiliki duniani, na vyote hivyo vimerundikwa tezi, yaani nyuma ya boti, kwa sababu ndo kwenye nafasi. Kwenda tulienda vizuri. Kurudi upepo ukageuka, ukaja usoni, mawimbi mafupi mafupi yale ya kuchosha, nikapunguza mwendo ili watu wasipigwe maji, tukawa tunaenda noti 10 hivi (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na mimi najisifu kabisa moyoni kwamba nimepunguza mwendo kwa hiyo sasa naokoa mafuta. Mashine ikakohoa mara mbili ikazima. Zilikua zimebaki maili 8.

Ntakwambia ukweli, ile kimya ya bahari mashine ikizima siwezi kuisahau. Watu wote wanakuangalia wewe. Nikainua tangi moja moja, nikatikisa, nasikia mafuta yanacheza chini, lakini mrija haufiki pale. Hili nalo sikua nalijua, kwamba tangi la lita 25 halikupi lita 25, kuna lita moja na kitu au mbili zinabaki chini ambazo mrija hauzinyonyi, na boti ikiwa inarukaruka ndo kabisa, mrija unavuta hewa mapema zaidi. Kwenye matangi yote ningekadiria nilikua na kama lita 5 ambazo nilizihesabu na hazikua zangu.

Tukatupa nanga, tukakaa karibu saa tatu, mpaka ikapita boti ya wavuvi ikatuvuta. Nahodha wake mzee mmoja, hakutucheka wala hakutugombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, mashine yako inakula kiasi gani?" Nikamjibu kwa kujiamini, tulikua na lita 70 mzee. Akasema, "Sijakuuliza ulibeba ngapi. Nimekuuliza inakula kiasi gani." Nikanyamaza. Sikua najua.

Sasa mtu mwenye akili angeanzia hapo hapo. Mimi nilirudi nyumbani nikanunua madumu manne mengine ya lita 20. Hasira bana. Nikawaza tatizo ni mafuta kidogo, dawa ni mafuta mengi. Jumla nikawa na lita 150. Petroli lita moja ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo lita 150 ni kama kilo 110, na zote nimezipanga tezi palepale nyuma. Siku ya kujaribu nikasukuma gesi mpaka mwisho, omo, yaani mbele ya boti, ikanyanyuka juu ikaziba upeo wa macho, tezi ikazama, na boti ikagoma kabisa kulala juu ya maji, yaani kupanda na kuteleza juu yake. Inalima tu. Mashine inalia, nyuma kuna wimbi kubwa kama la meli, GPS inasoma noti 11. Siku ile nilikunywa mafuta kuliko siku zote, namaanisha boti ndo ilikunywa, na sikufika hata nusu ya njia nikageuza.

Alafu kuna mambo mawili ya madumu ambayo watu hawayasemi. La kwanza, niliyajaza mpaka mdomoni ili nisipoteze hata tone. Petroli ikipata joto inatanuka, mchana jua likapiga, madumu yakavimba kama vyura, moja likaanza kutoa machozi kwenye kifuniko na mafuta yakatiririka taratibu mpaka kwenye ngama, kule chini ya boti maji yanakokusanyika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki ukaondoka, unashuka na kujilaza chini kabisa ya boti ukisubiri cheche moja tu. Nilipoinama kuchota maji ya ngama nikasikia harufu imenijaa puani, mwili ukasisimka. Kwa hiyo acha nafasi juu ya dumu, usilijaze hata kama roho inauma, na ukienda kujaza lishushe liweke chini ardhini, usilijazie ndani ya boti wala juu ya plastiki nyuma ya gari, maana umeme wa msuguano unatosha kuwasha.

La pili ni kumimina. Jaribu kumimina lita 20 kwa faneli kwenye tangi dogo, katikati ya bahari, boti inayumba. Robo inakwenda kwenye tangi, kidogo kwenye suruali, na kila rasharasha la maji ya chumvi likipiga linaingia kwenye faneli. Wiki ile ile mashine ikaanza kukatakata, fundi akafungua chujio la kutenganisha maji akanionyesha kwenye mwanga, chini maji juu petroli, mstari katikati umenyooka kama umepigwa rula. Tangu siku hiyo simimini mafuta baharini. Kila chombo cha akiba kiwe ni tangi kamili lenye kichomeo kile kile cha mpira, likiisha moja unahamisha mpira, basi.

Na kwenye kuhamisha mpira nako nikajifunza kwa aibu. Tulikua wawili, mimi na mdogo wangu, tangi la kwanza likaisha nikahamisha la pili, mashine ikaenda dakika tano ikafa. Nikapampu ikawaka, ikafa tena. Nikafungua kava, nikatoa plagi zote, nikazifuta kwa shati, nikarudisha, nikakagua nyaya, jasho linanitoka na kichefuchefu cha mawimbi juu yake, karibu saa nzima. Mdogo wangu amekaa tu anashikashika ule mpira wa kupampu mafuta, mwisho akasema, "Kaka, huu mpira mbona umebonyea hivi?" Nikauangalia, umenyonywa ndani kama tunda lililokauka. Nati ya pumzi kwenye kifuniko cha tangi sikuifungua. Tangi linatoa mafuta lakini hewa haiingii, mwisho linajibana lenyewe linakataa kutoa. Nikazungusha ile nati, ikapiga kamluzi, fssss, tukaondoka. Hatukuongea njia nzima. Kwa hiyo ukiona mpira wa kupampu umelala, kabla hujagusa plagi yoyote angalia nati ya pumzi, alafu mpira uliokunjika mahali, alafu chujio.

Hapo ndo nikarudi kwenye swali la yule mzee. Inakula kiasi gani?

Kipimo chenyewe ni rahisi mpaka unajiona mjinga. Nilichukua tangi moja lile la plastiki linaloonyesha mafuta kwa nje, nikalibandika utepe mweupe ubavuni, nikawa namimina lita moja moja kwa kopo la kupimia na kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito, likiwa limekaa sawa. Alafu nikachagua siku ya maji matulivu, maboya mawili yaliyo mbali maili 3, nikawa naenda na kurudi kwa mwendo ule ule bila kugusa gesi, jumla maili 6. Kwenda na kurudi ni lazima, usipofanya hivyo mkondo wa maji utakudanganya. Tangi nikalisoma boti ikiwa imesimama. Nilifanya kwa siku mbili na kuandika kwenye daftari, na baada ya matengenezo ntakayoyasema huko chini nikarudia tena, na majibu ya mara hiyo ya pili ndo haya, kwa sababu ya mara ya kwanza ni aibu tupu:

Raundi 1,700 (mizunguko ya mashine kwa dakika), noti 5, maili 6 zilikula lita 2. Yaani maili 3 kwa lita.
Raundi 3,200, noti 10, lita 4. Maili moja na nusu tu.
Raundi 4,200, noti 17, lita 3. Maili 2.
Gesi mpaka mwisho, raundi 5,700, noti 25, lita 3.6. Maili kama 1.7.

Angalia mstari wa pili tena. Ile noti 10 niliyokua naenda nayo siku ile ya upepo nikijisifu naokoa mafuta ndo mwendo mbaya kuliko yote, mbaya kuliko hata kukimbia gesi mwisho. Sababu ni kwamba boti ikiwa inatembea taratibu inaelea tu kwenye maji, inayasogeza kidogo, hailipi sana. Ikifika mwendo fulani inakua imejitengenezea wimbi lake yenyewe mbele na shimo nyuma, na ukiongeza gesi hapo ni kama unapanda mlima ambao hauishi kwa sababu mlima wenyewe unatembea na wewe. Ukiongeza zaidi inauvuka, inalala juu ya maji, mzigo unapungua. Kwa hiyo ama uwe chini kabisa ama uwe umeshauvuka, hapo katikati usikae. Ule mwendo wa chini una hesabu yake: chukua urefu wa sehemu ya boti inayokaa majini kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.43, unapata noti. Yangu ni kama mita 5, inatoka noti 5 na nukta nne. Na kwenye daftari ndo hapo hapo.

Matengenezo sasa. Kwanza niliipandisha boti nchi kavu, nikalala chini nikaangalia tumbo lake. Sikua nimeliangalia miezi nane. Kulikua na majani na vile vikombe vidogo vya mawe vinavyong'ang'ania, ukipitisha kiganja kinachanika. Nikakwangua siku mbili, mabega yakanifa, nikapiga rangi ya kuzuia uoto. Kama utafanya kitu kimoja tu kati ya vyote nilivyoandika hapa fanya hiki, gharama yake kubwa ni mgongo wako.

Pili propela, watu wengine wanaita pangaboi. Kitabu cha mashine yangu kinasema ukisukuma gesi mpaka mwisho na mzigo wako wa kawaida inatakiwa ifike kati ya raundi 5,000 na 6,000. Yangu ilikua inaishia 4,900 tena kwa kuomba. Fundi akaiangalia propela, imeandikwa 13, maana yake ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekua inapita kwenye kitu kigumu. Akasema hii ni gia kubwa mno kwa boti inayobeba mizigo, ni kama kupanda mlima na baiskeli ukiwa kwenye gia ya tambarare. Tukaweka ya 11. Kila inchi moja unayopunguza inakupa raundi kati ya 150 na 200 hivi, na tumbo likiwa safi zikaongezeka nyingine, ikafika 5,700. Ile ya zamani nayo ilikua na jino limepinda kidogo pembeni, nilishaligonga jiwe nikaona si kitu. Ni kitu.

Tatu, mashine ilikua imefungwa chini sana. Lile bapa lililoko juu ya propela linatakiwa liwe usawa na chini ya boti au juu yake kidogo, langu lilikua limezama, linaburuza maji bure. Tukapandisha matundu mawili kwenye kibano. Na mguu wa mashine nilikua siugusi, upo vile vile mwaka mzima. Sasa hivi boti ikishalala juu ya maji nausukuma nje taratibu mpaka omo ianze kudunda kama pomboo, alafu narudisha kidogo hapo hapo. Unaisikia kwa sauti, mashine inapumua.

Nne ni uzito, na hapa kuna ugomvi kwa sababu kila mtu anaona kitu chake ni cha lazima. Nilitoa kila kitu nikakipanga mchangani. Nanga ya pili nje. Spana nikabakiza nane. Kulikua na maji chini ya sakafu ambayo sikujua yapo, nikachota ndoo tano, hizo ni kilo karibu 80 nilikua natembea nazo kila siku bila kulipwa nauli. Matangi nikayahamisha kutoka tezi nikayaweka katikati, nikayafunga kwa mikanda. Usiyapeleke omo kabisa, nilijaribu, boti inazika pua na usukani unakua mkali vibaya.

Kuna kitu kingine nilikuja kukigundua baadae, kuhusu mkondo. Nilidhani nikishajua noti 5 ndo rahisi basi kila safari ndefu naenda noti 5. Siku moja nikakutana na mkondo wa noti 2 usoni, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kwa nguvu. Ukiwa na noti 5 unabaki na 3. Mashine inakula lita 1.7 kwa saa bado, kwa hiyo maili 3 zako zimeshuka mpaka 1.8 kwa lita. Ukienda noti 17 unabaki na 15, unakula lita 8 na nusu kwa saa, ambayo ni maili 1.8 vile vile. Yaani mafuta ni sawa sawa, ila mmoja anatumia dakika 40 kwenda maili 10 na mwingine anatumia saa tatu na dakika 20 akipigwa jua. Kwa hiyo mwendo wa taratibu ni mzuri maji yakiwa yametulia au yanakusukuma. Na kizuri zaidi ya vyote ni kuangalia jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kuondoka na kusubiri hata saa mbili, hayo ni mafuta ya bure kabisa.

Wa stroki mbili, hesabu zenu zitakua mbaya kuliko zangu, hasa zile za kabureta, na msisahau kila tangi la akiba lina oili yake, kama ni 50 kwa 1 basi lita 25 ni nusu lita ya oili, ibebeni. Wengine wananiuliza kuhusu kufunga mashine ndogo ya pili ya HP 6. Ni kitu kizuri kwa kurudi nyumbani ile kubwa ikifa, lakini kama zote zinakunywa tangi moja lenye maji basi zitakufa pamoja, ipe tangi lake.

Safari ya kisiwani niliirudia mwaka jana. Watu watatu, lita 70 zile zile, matangi mawili ya 25 na moja la 20, hakuna dumu hata moja. Sheria niliyojiwekea ni theluthi: theluthi moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Nikatoa lita 5 za chini ambazo si zangu, zikabaki 65, theluthi ni kama 21. Maili 40 kwa maili 2 ni lita 20. Imebana, lakini imeingia. Na nikawaambia wenzangu kabisa kabla hatujaondoka kwamba mstari wa theluthi kwenye utepe ukifika na kisiwa hakijafika tunageuza, hakuna mjadala, maana ukishakua katikati kila mtu anageuka nahodha.

Tulifika tukiwa tumekula lita 20 na kidogo. Kurudi upepo ukaja usoni tena, kama kawaida yake, lakini safari hii sikukaa noti 10. Kwenye mawimbi makali nilishuka mpaka 5 nikavumilia, yakitulia napanda 16, 17. Pale tulipozimikiwa mara ya kwanza nilipapita nikiwa naangalia utepe na sio bahari. Kufunga kamba nikapima kwa kijiti tangi moja moja: lita 26, nikitoa zile 5 za chini nilibaki na 21.

Kati ya yale madumu manne niliyonunua kwa hasira, mawili yaliyokua na nyufa niliyaosha vizuri nikayaacha wazi juani siku kadhaa, alafu nikayakata midomo kwa kisu, sasa natumia kuchotea maji ya ngama. Mengine mawili bado yako pembeni ya mlango na kila nikipita yananiangalia.